Mwenyekiti na Mashua Isiyo na Mtu

Sikumpenda Mwenyekiti hata siku moja, na sitaanza leo eti kwa sababu mambo yamepita na watu wamezeeka. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, waulize watu wake. Wako wengi na wanapenda kusema. Mimi namjua kwa upande ambao muuza omena, dagaa wa ziwani, humjua mwenyekiti wa bichi, ufuo wa wavuvi: amesimama mbele yangu na buti zake za mpira, kivuli chake kimeangukia samaki wangu, anatafuta kosa.

Na kosa alilipata kila siku. Omena zimeanikwa chini badala ya kichanjani. Karai limewekwa njiani. Mtoto amekojoa karibu na maji. Alivaa filimbi ya refa shingoni, na tulifika mahali pa kujua kwa mlio wake tu, bila kugeuka, kama amekamata mtu au anafukuza mbwa. Bichi yetu iko upande wa Nyatike, mbele ya Macalder, pale barabara inapoishia majini na dereva wa lori lazima ahangaike kugeuza. Miaka yote niliyoanika omena pale, mwenyekiti alikuwa yeye. Uchaguzi ulikuja na kupita, na yeye akabaki kama kisiki katikati ya shamba.

Alikuwa na ndimi mbili za kazi. Matangani na njiani alisema Dholuo kama sisi sote, Dholuo kitamu chenye mzaha, mpaka mgeni angedhani ni mtu mwema. Lakini akishika kazi ya bichi alihamia Kiswahili. Ukisikia anakuita kwa Kiswahili, jua umekwisha.

"Wewe mama! Hii omena yako iko chini inatafuta nini?"

Siku moja nilimjibu kwa Dholuo, nikamwambia kichanja kimevunjika na fundi hajaja. Akanikazia macho. "Hapa ni ofisini," akasema. "Ongea Kiswahili." Ofisini! Tulikuwa tumesimama katikati ya mbwa wawili na rundo la magamba ya mbuta. Nililazimika kueleza habari ya kichanja upya, kwa Kiswahili changu cha kuvunjika, mbele ya wateja kutoka Kisii waliokuwa wakinicheka. Nikaitia hiyo rohoni na haijatoka.

Nyavu za macho madogo alizichoma moto. Wanaomsifu hawachoki kusema kwamba wavu wa kwanza kuchoma ulikuwa wa mwanawe mwenyewe, na kwamba kijana yule alihamia Osiri kuchimba dhahabu na tangu hapo hata simu hapigi. Wanaisimulia kama sifa. Mimi nilipoisikia nilijiambia: mtu aliyeweza kumfanyia hivyo wa damu yake, wa kwangu atamwonea huruma gani?

Wa kwangu ni Odhiambo, ndugu yangu kitinda mimba. Mama alifariki kabla Odhiambo hajajua kutembea vizuri, nikambeba mgongoni huku nikigeuza omena juani. Alikulia kwenye mgongo wangu na kwenye harufu ya samaki. Ukimgusa Odhiambo umenigusa mimi, na bichi nzima ilijua hivyo, Mwenyekiti pia alijua. Hata hivyo wavu wake aliuchoma. Odhiambo alisimama kando ya moto akaangalia, kisha akasema, akimwita mzee kwa Dholuo, "Jaduong' ana haki, macho ya wavu yalikuwa madogo." Mimi ndiye niliyelia.

Jambo lililotuchekesha tukiwa peke yetu ni kwamba huyu mkubwa wa ziwa aliliogopa ziwa. Hakuna aliyewahi kumwona ndani ya mashua. Alitembea majini mpaka kwenye vifundo vya miguu, akasimama, akatoa amri kutoka hapo. Wavuvi walimwuliza kwa nini, akasema, "Swali lingine." Ndivyo alivyokuwa. Swali alilotaka kulijibu alilijibu kwa maneno machache kabisa, na akifika mwisho wa swali alinyamaza, hata kama aliyeuliza bado ameachama mdomo akisubiri kilichobaki. Alikuwa bahili wa maneno.

Sasa nifike pale ambapo lazima niseme kweli ingawa inanikwama kooni. Ziwa likichukua mtu, Mwenyekiti alikuwa mtu mwingine. Alipiga filimbi ndefu, na uvuvi ukasimama. Hakuna kutia wavu, hakuna kuuza, mpaka aliyezama apatikane. Kila mashua ilikwenda kutafuta. Yeye alileta kiti cha plastiki, akakiweka ukingoni, akakaa bila kula mpaka mwili uletwe. Haijalishi aliyezama alikuwa rafiki, adui, au mpita njia kutoka ng'ambo ya Tanzania. Mwili ukija, yeye ndiye wa kwanza kushika jembe. Na usipopatikana kabisa, alifuata mila ya wazee: lilizikwa yago, lile tunda refu zito la mwegea, mahali pa mtu. Likafungwa nguo, likalazwa kaburini, likaliliwa. Wazee wetu hawakutaka mtu abaki bila kaburi, eti atarudi kuwauliza walio hai kwa nini walimwacha kwenye baridi.

Sisi wanawake tulimlaani siku hizo za kusimamisha kazi, maana watoto hawali maombolezo. Lakini tulimlaani kimyakimya. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu majini.

Basi asubuhi moja Odhiambo na mwenzake walikuwa wakirudi kutoka kuvua upande wa visiwa vya Homa Bay, wakakuta mashua inaelea peke yake. Nasema mashua kwa sababu ndivyo walivyosema. Ilikuwa ya kijivu, ndefu kuliko ya kwao, imefunikwa juu kote. Haikuwa na kiti wala kasia. Mbele ilikuwa na kitu cha duara cha kioo, na nyuma mlingoti mfupi wenye taa ndogo. Waliita, hawakujibiwa. Waligonga kwa kasia, kimya. Odhiambo aliniambia baadaye kwamba mwenzake alitaka waiache na waende zao. Yeye ndiye aliyesema hapana, labda watu wake wamezama, ndugu zao watataka kujua. Wakaifunga kamba, wakaivuta mpaka kwetu. Kwa hiyo ilipatikana maji ya Homa Bay ikatua nchi kavu ya Migori, upande wetu, na jambo hilo peke yake lilikuja kuwagombanisha maofisa wa pande zote mbili.

Watu walijaa. Vijana waliigusa, wakapiga picha. Mmoja aliyesoma mpaka chuo akasema, "Mzee, hii ni droni. Haina mtu. Inaendeshwa kutoka mbali."

Mwenyekiti alikuwa amesimama kwenye maji yake ya vifundoni. "Droni ni ya angani," akasema. "Hii iko majini. Wenyewe wako wapi?"

"Haina wenyewe, mzee. Angalia, hakuna hata mahali pa kukaa."

"Mashua haijipeleki."

Akaweka filimbi mdomoni, akapiga ule mlio mrefu. Hivyo ndivyo bichi nzima ilivyosimamisha kazi kutafuta maiti za watu ambao hawakuwahi kuwako. Usicheke. Ungekuwa pale ungeenda pia. Kwetu, mashua ikija bila mtu ina maana moja tu, na tumeiona maana hiyo mara nyingi kiasi kwamba kijana mmoja wa chuo hawezi kutubadilisha kwa asubuhi moja. Hata mimi niliyemchukia nilikusanya omena zangu nikakaa chini na wanawake wengine. Mashua zilitoka zote. Zilizunguka pale ilipopatikana, zikaburuta ndoana chini, zikarudi jioni, zikatoka tena asubuhi. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, midomo imemkauka.

Hawakupata kitu. Akasema basi, tutazika yago. Mzee wa kanisa alikataa kushiriki, akasema hatujui hao watu walikuwa dini gani, na pia hatujui kama ni watu. Mwenyekiti akasema ataomba mwenyewe.

"Tuchimbe ngapi?" wakamwuliza.

Akaipima ile mashua kwa macho, upana wake na urefu wake. "Wawili," akasema.

Ndipo likaja neno lililotuangamiza. Maiti huzikwa na kitu chake, hata kama ni shati. Mashua ile haikuwa na shati wala kiatu. Mwenyekiti akafikiri, kisha akamwita Odhiambo mbele yetu sote. "Wewe ndiye ulileta. Chukua spana. Mmoja tumpe hiyo taa, mwingine tumpe hiyo kioo." Odhiambo akafungua taa. Akafungua kile kioo cha duara, kikatoka na nyaya zake kama jicho la samaki. Mwenyekiti akavifunga na yago zake kwa leso mbili alizozing'oa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Moja ilikuwa yangu. Hakuniomba.

Wakazikwa juu kidogo ya ufuo. Tuliwalilia vizuri, niseme ukweli. Kuna mwanamke aliyezirai.

Wanajeshi walikuja kabla udongo haujakauka. Lori lilitoka barabarani, boti zikatoka majini, na helikopta ikapeperusha omena za watu zikaenda kuangukia kwenye mapaa. Tulikusanywa bandani, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Ofisa aliyeongoza uchunguzi alikuwa mtu wa bara, mpole wa sauti na mkavu wa macho, na alitaka kujua jambo moja. Walikuwa wametuona kutoka juu. Kwa nini mashua zote za bichi moja zilizunguka palepale kilipopotelea kile chombo, siku baada ya siku, zikikwaruza chini ya maji?

"Tulikuwa tunatafuta," akasema mvuvi mmoja.

"Mnatafuta nini?"

"Maiti, afande."

"Maiti ya nani?"

"Ya wenye mashua."

"Hicho chombo hakina watu."

"Ndiyo, afande. Walikuwa wamezama."

Ofisa alifunga macho kidogo. Halafu mwenzake akaja akamnong'oneza kuhusu yale makaburi mawili mapya. Akauliza ni ya nani. Hakuna aliyejua ajibu vipi bila kuonekana mwendawazimu, kwa hiyo tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kukawa kubaya zaidi. Wakaleta majembe.

Nimeishi kuona mengi, lakini sijaona kama siku hiyo. Askari kijana alifukua kifurushi cha kwanza, akafunua leso kidogo, akaona kitu kirefu, kizito, cha mviringo, kina nyaya zimejisokota juu yake. "Laleni chini! Kila mtu chini!" Tukajitupa kwenye mchanga, wazee kwa watoto, na Mwenyekiti na buti zake akalala kifudifudi jirani na mbwa. Aliyethubutu kuinua kichwa ni Min Atieno, jirani yangu wa kichanja, mwanamke asiyeogopa hata mamba.

"Afande, hiyo ni yago," akasema.

"Yago ni nini?"

"Ni tunda. Lakini sasa ni mtu."

"Ni tunda au ni mtu?"

"Ni mtu kwa sababu hakuna mtu."

Nilicheka, uso wangu ukiwa umezama mchangani, nikajiziba mdomo kwa mkono. Kicheko hicho ndicho cha mwisho nilichocheka kwa muda mrefu. Walipohakikisha kwamba halilipuki, ofisa alichukua kile kioo, akapangusa udongo. Kilikuwa kimepasuka katikati. Nikaona uso wake ukibadilika. Tuliambiwa baadaye kwamba kila kilichopigwa picha kilipita kwenye jicho lile. Chombo kilikuwa cha nani, hawakusema, na Min Atieno alipouliza aliambiwa hilo si swali lake.

"Nani alifungua hii?" ofisa akauliza.

Tulikuwa tumeinuka, tumepangwa mstari. Mwenyekiti akasonga mbele hatua moja, wima kabisa, mchanga bado uko kwenye ndevu zake.

"Odhiambo," akasema.

Nikasubiri amalizie. Nilisubiri aseme, "Odhiambo, lakini ni mimi niliyemtuma." Niliyaona maneno hayo yamesimama mlangoni mwa mdomo wake. Akafunga mdomo. Akarudi nyuma hatua ile moja. Odhiambo alimwangalia, halafu akaniangalia mimi, na walipomshika mkono hakupinga.

Alisema kwamba alitumwa. Alisema siku hiyohiyo, akasema tena kila alipoulizwa. Wakawaita wanakamati wa bichi. Kila mmoja akasema hakusikia, alikuwa upande ule mwingine, alikuwa akichimba. Waliogopa. Mimi nilisema, wakaniambia dada atasema lolote; Min Atieno naye wakamwambia ni rafiki wa dada. Mwenyekiti hakuitwa tena, maana yeye alikuwa amekwisha kujibu swali lake vizuri. Wanajeshi walipomaliza mahojiano wakamkabidhi Odhiambo kwa polisi, polisi wakampeleka kortini Homa Bay kwa kuharibu chombo cha usalama. Dhamana ikakataliwa. Mashua ya kijivu ikafunikwa turubai, ikapakiwa lorini, ikaondoka. Kesho yake Mwenyekiti alipiga filimbi fupi, uvuvi ukafunguliwa. Akapita mbele ya kichanja changu akasema kwa Kiswahili kwamba karai langu liko njiani.

Nilimrushia maji ya samaki. Yalimpata kifuani. Alijipangusa tu akaendelea na ukaguzi wake, na hilo lilinichoma kuliko kama angenipiga.

Tangu hapo nikampiga vita ambavyo sina haya kuvisimulia. Sikumsalimu. Njiani nilimpisha kama ninavyopisha kinyesi. Matangani akikaa, niliinuka. Uchaguzi wa bichi ulipofika nilizunguka nyumba kwa nyumba na Min Atieno, tukasema yote tuliyoyajua na mengine tuliyoyashuku. Akashindwa. Alikabidhi filimbi kwa mwenyekiti mpya, kijana mcheshi anayesalimia kila mtu, na siku hizi nyavu za macho madogo zimejaa ufuoni kama magugu na mbuta wanaoletwa ni watoto wachanga. Najua watu wanasema ni kosa langu. Waseme.

Alihamia Awendo, kwa binti yake aliyeolewa kwenye mashamba ya miwa. Mimi nikaendelea na safari zangu za Homa Bay kila kesi ilipotajwa. Nilipika, nikafunga chakula, nikangoja nje ya mahabusu ya korti mpaka wanipe dakika chache na ndugu yangu. Alikuwa akikonda. Mara ya mwisho aliniambia analala vizuri, nami niliyemlea nikajua anadanganya. Wakili tuliyepewa na watu wa kanisa aliniambia waziwazi: kesi itasikizwa Alhamisi, na bila mtu wa kuthibitisha kwamba Odhiambo alitumwa, atafungwa miaka.

Basi nikaenda Awendo. Nilimkuta kibarazani, miguu imevimba, ameiweka juu ya gunia. Malori ya miwa yalikuwa yanapita nyuma ya ua na kuangusha mabua barabarani. Alinitazama bila kushtuka.

"Nyamin Odhiambo," akasema. Dada yake Odhiambo. "Nilijua utakuja."

"Sijakuja kukusalimia."

"Nimeona. Kaa."

Sikukaa. Nikamwambia habari ya Alhamisi. Nikamwambia ni sentensi moja tu ninayotaka kutoka kwake, aliyopaswa kuisema siku ile mchangani.

"Waliuliza nani alifungua," akasema. "Nikajibu."

"Na hukumalizia."

"Ningemalizia, wangechukua kamati yote. Bichi ingefungwa. Unajua watu ngapi wanakula pale? Mimi nilihesabu. Mtu mmoja, ama bichi yote."

"Na mbona hukujihesabu wewe kuwa huyo mmoja?"

Aliisogeza miguu yake juu ya gunia. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, hajui aingie au arudi.

"Mimi ndiye nilikuwa nahesabu," akasema.

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Dholuo na kwa Kiswahili, nikamtukania filimbi yake na buti zake na zile yago zake mbili, nikamwambia alilia kwa ajili ya mashua tupu na akamwacha mtu mzima mwenye dada azikwe akiwa hai. Sauti yangu ilifika barabarani. Hakunikatiza. Nilipoishiwa pumzi aliuliza, "Alhamisi ni saa ngapi?"

Nikageuka kuondoka. Binti yake ndiye aliyenifuata mpaka langoni, akaniuliza saa, nikamwambia.

Alhamisi alikuja. Buti hazikumwingia tena kwa ule uvimbe, kwa hiyo alikuja na ndara na fimbo, akapanda kizimbani taratibu. Alisema: yeye alimwita Odhiambo, yeye alimwambia ashike spana, yeye alichagua taa na kioo, yeye alizika. Odhiambo alimkatalia kwa mnong'ono mara ya kwanza, naye Mwenyekiti akamwamuru mara ya pili. Hilo la kukataa sikuwa nimelijua, na Odhiambo hajawahi kulisema mpaka leo.

"Unaelewa kwamba unajishtaki mwenyewe?" hakimu akamwuliza.

"Naelewa."

"Kwa nini useme sasa?"

Akanyoosha fimbo kunielekea mimi niliyekaa nyuma. "Huyo mama alikuja kunisumbua," akasema.

Watu wakacheka kortini. Mchana ule mashtaka ya Odhiambo yaliondolewa, na Mwenyekiti akapelekwa kituo cha polisi cha jirani kuandikisha taarifa na kubaki huko.

Nilimpokea ndugu yangu nje, kwenye jua. Nilimshika mikono, nikamshika kichwa, nikamgeuza huku na huku kama mtoto aliyeanguka. Alikuwa mwepesi. Nilikuwa nimempikia samaki wa ngege na ugali, nimefunika kwa sahani nyingine na kufunga kwa kitambaa. Nikamwambia tukae mahali ale.

"Jaduong' amekula?" akauliza.

"Sijui na sitaki kujua."

"Ametoka Awendo alfajiri, dada."

"Na wewe umetoka wapi?"

Hakubishana. Alichukua chakula mikononi mwangu akaelekea kituoni. Nikamfuata nikimkaripia. Alifika langoni, akaona ule mlango na askari waliosimama hapo, na miguu ikamkatalia. Nilimwona akijaribu.

"Siwezi kuingia tena mle," akaniambia, akaninyooshea chakula.

Ningeweza kukataa. Lakini namjua, angesimama pale langoni mpaka jua lizame, na mimi nilitaka kumpeleka nyumbani. Nikachukua.

Askari wa mezani hakuinua macho. "Unaona nani?"

"Mzee aliyeletwa kutoka kortini."

"Wewe ni nani yake?"

Nikaweka chakula mezani.

"Mama, hapa ni familia tu. Wewe ni nani yake?"

Niligeuka nikatazama nje. Odhiambo alikuwa palepale langoni, ananiangalia, mikono yake haijui ikae wapi.

"Andika binti yake," nikasema.

Wakamleta, akaketi kwenye benchi upande wa pili wa meza. Hakushangaa kuniona, au kama alishangaa hakunipa faida hiyo. Alifungua kitambaa, akanawa kwa maji ya chupa, akaanza kula kwa hamu ya mtu aliyeshinda njaa. Tonge la pili akalishikilia hewani.

"Hii samaki haina chumvi," akasema.

"Nilipikia Odhiambo. Kula hivyo hivyo."

Akala. Nami nikasimama pale nikingoja amalize, kwa sababu sahani zilikuwa zangu.